Kilichopo Barazani

Kabati ndilo lililotangulia kwenda. Wanaume wanne walikuwa wamelitoa chumbani asubuhi kwa kusukumana na kutukanana, wakalitua barazani, wakaenda zao wakishika viuno. Baada ya chakula cha mchana halikuwapo. Hakuna aliyesikia kishindo, na vumbi la ngazini halikuwa na alama ya unyayo wala ya kuburuta.

"Amepita mwenye nguvu zake," mshonaji alimwambia mumewe. "Wewe shukuru nyumba inapumua."

Mumewe, mwalimu wa lugha aliyestaafu, aliinama akalitazama lile vumbi, kisha akainuka akijipangusa magoti.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na vitu vya nyumba sita: redio bubu, viti vya miguu mitatu, ndoo zilizotoboka, nguo ambazo wateja walizileta kushonwa wasizirudie. Mshonaji alitaka nafasi ya cherehani ya pili. Alikuwa ametoa nje kila kisichotumika, akaandika juu ya kipande cha boksi, kwa herufi kubwa: KILICHOPO BARAZANI KICHUKULIWE. MSIULIZE.

Na barazani ndipo alipokaa mama yake mwalimu kila siku akiota jua, kikongwe ambaye macho yake yalibaki kuona mwanga na kivuli tu.

Mshonaji hakuwa mtu mbaya. Alimwogesha mama mkwe wake, akamkata kucha, na mbele yake alimwita mama. Lakini pembeni, kwa mwaka mzima, alikuwa amezoea kumwambia mumewe, "Kikongwe chako kimeamka? Kimekula? Haya, kitoe juani."

Mara ya kwanza mwalimu alimsahihisha. "Kikongwe ameamka. Mtu ni mtu, hata jina lake likianza na ki."

"Mie nimefeli, mwalimu. Nipe sifuri yangu," mshonaji alijibu na pini mdomoni, wakacheka wote wawili. Mwalimu hakumsahihisha tena.

Vitu viliendelea kwenda, kimoja kimoja, mchana kweupe. Siku ya tatu mama alimwita mwanawe.

"Mwanangu, huyu mchukuzi mmemtoa wapi?"

"Mchukuzi gani, mama?"

"Huyu wa kamba. Hasalimii. Ananuka chokaa iliyomwagiwa maji. Jana alipima meza, ikaenda. Leo amenipima mimi, utosini mpaka nyayo, halafu mabega."

"Ulisinzia, mama."

"Nilisinzia nikajifunga mwenyewe?" Akainua mkono. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na kamba nyeupe, nyembamba, na fundo lake halikuwa na mwanzo wala mwisho. Mwalimu alileta mkasi wa mkewe, ule unaokata turubai. Mkasi uliteleza juu ya kamba kama unakata maji.

"Mtoe huyo mtu," mama alinong'ona. "Sitaki kuondoka nyumbani kwangu." Mwalimu alizunguka nyumba nzima, hakukuta mtu.

Siku ya tano alasiri baraza ilikuwa tupu, isipokuwa kiti kimoja na mama aliyekikalia. Harufu ya chokaa ilikuwa imeingia hadi kwenye mashuka. Mwalimu alitoka amrudishe mama ndani, akamshika kwapani, akainua, asiweze hata kumsogeza, kwa maana yule kikongwe ambaye jana alimbeba kwa mkono mmoja alikuwa amekuwa mzito kama kabati. Ndipo macho yake yalipoangukia kile kipande cha boksi, akakisoma polepole, neno kwa neno, akisimama kwenye kila KI.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usikimbie, njoo tu."

Kabla mshonaji hajafika mlangoni, kitu kilisema karibu sana na masikio yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Kimebaki kimoja."

Mwalimu akalichana lile boksi vipande vipande.

"Mliandika," sauti ikasema, "na kabla ya kuandika mlisema." Kisha, kwa sauti ya mshonaji mwenyewe, pamoja na kile kithembe cha mtu mwenye pini mdomoni, ikasema, "Kimeamka? Kimekula? Haya, kitoe juani."

Mama aligeuza uso wake upande wa mkwewe.

"Sahihisha," mwalimu alimnong'oneza mkewe. "Wewe ndiye uliyesema. Sahihisha."

Mshonaji alipiga magoti, akaishika miguu ya mama mkwe wake, na maneno yakamtoka yakigongana, kwamba huyu ni mama, mama amekaa, mama anaota jua kwake, mama hatolewi, hachukuliwi, hakutolewa hata siku moja, ni ulimi tu usio na mfupa. Na kadiri alivyosema ndivyo fundo lilivyolegea, hadi kamba ikaanguka sakafuni na mama akavuta pumzi ndefu.

"Na anayesema ni nani?" sauti ikauliza.

Mwalimu alinyoosha mkono amzibe mkewe mdomo. Alichelewa.

"Mimi kiumbe dhaifu tu," mshonaji alilia. "Nihurumie."

"Kiumbe," sauti ikasema taratibu, kama mtu anayeandika.

Harufu ikakatika pale pale. Mama alikuwa mwepesi tena. Mwalimu alimbeba, akamlaza ndani. Mshonaji, huku anacheka na kulia, alikwenda kumchemshia chai.

"Mkwe wangu yuko wapi?" mama aliuliza baada ya kitambo. "Mwambie nimemsamehe."

Mwalimu alikuwa amefundisha upatanisho wa sarufi kwa miaka thelathini na minane.

"Kiko jikoni, mama," alisema.

Akajiziba mdomo. Akajaribu tena, polepole, kama anayewasomea imla watoto wa darasa la kwanza.

"Kiko jikoni."

Sufuria ilianguka. Kisha kikatoka, mikono ikining'inia, kikapita kati yao bila kumtazama mtu, kikaenda barazani, kikakaa kwenye kiti, kikangoja.