Rafiki Yangu Alimfanya Mama Kesi ya Darasani

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni, nasomea shahada ya ustawi wa jamii hapa Embu. Ni mtu wa aibu sana. Hata nikiulizwa swali darasani, jibu huwa ninalo lakini mdomo unakataa... Mambo yangu huwa naandika kwa daftari tu. Leo nawaandikia nyinyi kwa sababu nimechoka. Nimechoka kweli!

Kwetu ni Githongo, Meru. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, mama akabaki na kahawa, ng'ombe mmoja, na virusi. Hilo la virusi vya UKIMWI tulilijua mimi na yeye peke yetu. Dawa hakuchukua zahanati ya karibu, maana pale kila muuguzi ni shangazi ya mtu. Alikuwa akishuka mpaka Kiritiri, mji wa mbali kule kwenye jua kali asikojulikana, na akirudi amebeba ndengu, yaani choroko, za kuuza. "Mama Kendi, leo umetuletea?" majirani walikuwa wakimuuliza. Wananunua, wanacheka pamoja, maisha yanaenda. Nani angejua?

Sasa, katika kozi yetu kuna zoezi la kuhojiana wawili wawili. Mmoja anakuwa mteja, mwingine anakuwa afisa wa ustawi. Mteja anaruhusiwa kubuni shida. Mimi niliwekwa na Wanja, rafiki yangu wa chumba kimoja, yule aliyenizoesha hata kuagiza chakula kantini bila kutetemeka.

Nilijaribu kubuni, jameni, nikashindwa. Wanja akafanya vile tulifundishwa: akainama mbele kidogo, akanyamaza, akangoja. Sijawahi kungojwa hivyo na mtu! Nikajikuta nalia, namwambia yote. Dawa, Kiritiri, ndengu... Akanishika mkono. "Haya yataishia hapa, Kendi."

Yaliishia wapi?

Baadaye mhadhiri alitaka kila kundi lieleze kesi yake mbele ya darasa. Tulikubaliana na Wanja tubuni mlevi mmoja aliyewatoroka watoto wake. Wanja akasema kwa sababu ya aibu yangu, ataongea yeye. Nikamshukuru!

Akasimama. "Mteja wangu nitamwita Mama Furaha. Ni mjane kutoka Meru. Huenda Kiritiri kuchukua dawa za virusi, na hurudi na ndengu ili majirani wasishuku..."

Mhadhiri alimsifu, darasa likapiga makofi. Lakini Murithi, kijana wa kwetu Githongo, hakupiga. Aligeuka akanitazama. Tulipotoka akanifuata akicheka. "Kumbe safari za mathee wako ni za dawa! Na vile tumekula hizo ndengu!"

Nilimuuliza Wanja kwa nini. Akanishangaa mimi! "Aki Kendi, si nilibadilisha jina? Na ile ya mlevi haingetupatia maksi."

Maksi!

Murithi aliwaambia watu wa kwao. Kukawa na harusi ya jirani, na chapati za harusi kwetu ni mama hupika, tangu nimjue. Siku hiyo alipokunja mikono akande unga, mwenzake akamwondolea beseni polepole. "Wewe pumzika tu, Mama Kendi. Kaa hapo kivulini." Akakaa. Hakuna aliyemtukana. Lakini ndengu zake hazikununuliwa tena.

Mama akaacha kwenda Kiritiri. Kumbe ameacha na dawa! Hakuniambia. Tulipofunga chuo nilimkuta kitandani, amekonda hadi nguo zinamvuka. Aliniuliza swali moja tu, kama ni mimi nilisema. Nikalia, nikamwambia ni rafiki yangu.

"Na rafiki aliambiwa na nani?"

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari akamgombeza, akamrudisha kwa dawa. Namshukuru Mungu, sasa anaweza kuchuma kahawa. Lakini nikimpigia simu ananiambia tu ng'ombe yuko sawa, mvua imenyesha. Nikiuliza juu ya afya yake anasema, "Hiyo niachie." Halafu nasikia anakohoa akiwa ameweka simu mbali... Wanja bado tunalala chumba kimoja. Alipata maksi za juu. Tunasalimiana, basi.

Nyinyi mnaosomea kazi hii yetu, nawaomba. Kubadilisha jina hakumfichi mtu! Mtu hujulikana kwa safari zake, kwa anachobeba, kwa mlima anakotoka. Na wewe mwenye aibu kama mimi, ukipewa zoezi, buni. Buni hata uongo wa kuchekesha, upate sifuri! Siri ya mzazi si yako kutoa, hata kwa mtu anayekusikiliza vizuri.

Hasa kwa anayekusikiliza vizuri.