Alama za Vema kwenye Karatasi ya Bibi

Kila siku Saimi akitoka shule alipitia kwa bibi yake, Tuovi, pale Kuhmo, mji mdogo wa kaskazini ya mbali. Alivua viatu mlangoni, akala mkate wa iliki, kisha akaanza kazi. Bibi alikuwa amewekewa nyonga bandia, na katika upasuaji huo mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto uliumia. Hakuweza tena kuinua wayo. Hospitali ilimwazima mashine ndogo ya umeme. Saimi alibandika vibandiko viwili chini ya goti, akaiwasha, na umeme ukaushtua msuli kwa nusu saa. Bibi hakuwa akiona vizuri, kwa hiyo kutia alama ya vema kwenye karatasi ya hospitali kila siku mashine ilipotumika nako kulikuwa juu ya Saimi.

Mwezi wa mwanzo wa kazi hiyo hakukosa siku. Kisha theluji ikakaa vizuri, wenzake wakawa wanateleza juu yake msituni kwa mbao ndefu za miguuni. Januari giza huingia saa tisa alasiri, na nusu saa ya mashine ilimaliza mwanga wote. Saimi akaanza kuruka siku, ila vema alizitia zote. Bibi alijua, akanyamaza. Watu wa huko hata wakiumwa husema hawajambo.

Raili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipokuja, alisoma karatasi, akamwambia bibi ainue wayo. Haukutikisika. Akasema wiki kumi za kila siku zimepita bure. Mashine apewe mgonjwa mwingine, na bibi azoee kuvaa kifaa cha kushikilia wayo maisha yake yote. Bibi akaitikia kwa kichwa. Raili akaanza kukunja nyaya.

Saimi aliona aibu.

"Hiyo karatasi ni ya uongo," akasema. "Siku nyingi kati ya hizo nilikuwa msituni."

"Na mimi nilijua," bibi akadakia. "Nilitaka mtoto acheze."

"Kumbe mmenidanganya wote wawili," Raili akasema bila kucheka. Akazikunjua nyaya, akawapa wiki nane nyingine, bila kuahidi kitu.

Saimi akawa anateleza baada ya kazi ya mashine, kwenye njia yenye taa. Wiki ya saba dole gumba la mguu wa bibi wa kushoto likainuka kidogo, na bibi akalia kwa furaha.

Raili alipoitazama karatasi mpya, aliona nafasi mbili tupu.

"Nilikuwa na homa," Saimi akaeleza.

"Hizi mbili ndizo zinazonifanya niamini zilizobaki," Raili akasema. "Mimi natibu kwa kufuata ulichoandika, Saimi. Ukinidanganya mimi, anayeumia ni bibi yako."