Tuta la Laurenti

Kila asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, watu wa Shamba la Upole walikusanyika mbele ya jiko, wakanywa uji, kisha wakagawana kazi. Shamba hilo lilikuwa mlimani, juu kidogo ya kijiji cha Mlali. Walioishi hapo walikuwa wameugua maradhi ya akili. Walikuwa wametoka hospitalini, na sasa walijirudishia nguvu taratibu kwa kulima, kufuga na kupika pamoja.

Likizo ile ya Juni, klabu ya afya ya shule moja ya Morogoro mjini ilipeleka wanafunzi wachache kujitolea shambani hapo, pamoja na mwalimu wao. Mmoja wao alikuwa Cecilia, msichana wa kidato cha kwanza, mkazi wa Kilakala. Alikuwa na mikono myepesi. Kufua, kupalilia, kuosha vyombo, kote alikuwa wa kwanza kumaliza, na alipenda kusifiwa kwa hilo.

Mama Prisca, msimamizi wa shamba, alimpanga na Laurenti, mwanamume mrefu, mkimya, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kuugua.

"Mtapanda miche ya kabichi kwenye tuta lile la juu," Mama Prisca alisema. "Usimharakishe, mwanangu. Miezi mingi amekuwa akilala tu, ameelekea ukutani. Ndiyo kwanza ameanza kutoka. Jumamosi dada yake anakuja kutoka Dumila. Yeye na muuguzi wataangalia kama anaweza kurudi nyumbani."

"Sawa, mama," Cecilia alijibu. Alidhani ameelewa.

Laurenti alichukua mche, akautazama mizizi, akaupanda, akaushindilia udongo. Kisha akaung'oa, akautazama tena, akaupanda upya. Cecilia alisubiri. Mche wa pili ukawa vilevile. Jua lilipopanda, walikuwa hawajafika hata nusu ya mstari wa kwanza.

"Mjomba Laurenti, huo tayari umekaa vizuri," Cecilia alisema.

Laurenti aliinama. Aliung'oa tena.

Kutoka tuta la chini, Krupa, mwanafunzi mwenzake na rafiki yake Cecilia, alipaza sauti, "Cesi! Bado mko hapohapo? Sisi tunamalizia!"

Cecilia alihisi uso ukimuwaka. Siku hiyo ikapita hivyo, na ya pili ikawa kama ya kwanza. Mchana wa siku ya pili, Laurenti alipokwenda kupumzika, uvumilivu ulimwishia. Alichukua miche yote iliyobaki, akaipanda mbiombio mpaka tuta likajaa, akaimwagilia maji. Alisimama akalitazama akiwa ameridhika.

Laurenti aliporudi, alisimama mbele ya tuta. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia. Kisha akakiweka chini kijiti chake cha kupandia, akageuka, akaenda chumbani. Jioni hakuja kula. Kesho yake hakutoka kabisa.

"Mjomba, shikamoo. Naomba unisamehe," Cecilia alisema mlangoni.

Kimya.

Alirudi tena baada ya chakula cha mchana. Kimya kilekile. Akaenda jikoni akiwa amefura.

"Nimemwomba msamaha, hataki! Mimi nilikuwa namsaidia!" alimwambia Mama Prisca. "Tuta limejaa, sasa kosa langu ni nini?"

Mama Prisca hakumkaripia. "Kuna tuta jingine pale kando, limebomoka ukingo," alisema. "Lipange mawe."

Cecilia alikwenda akalishughulikia kwa hasira. Mawe madogo aliyapanga haraka. Alipofika kwenye jiwe kubwa, alilisukuma, akalivuta, akalipiga teke mpaka akaumia kidole. Halikusogea. Aliketi chini akalia, kwa maumivu na kwa kuchoshwa na kila kitu. Angeweza kumwita Krupa. Badala yake, alijifuta machozi, akaenda tena kwenye ule mlango.

"Mjomba Laurenti, kuna jiwe limenishinda," alisema. "Sikudanganyi. Siwezi peke yangu."

Alingoja. Alikuwa karibu kuondoka aliposikia kitanda kikilia. Laurenti alitoka, akamfuata.

Walilisogeza pamoja. Laurenti hakuridhika na lilipokaa, wakalisogeza tena. Na tena! Cecilia alitamani kupiga kelele. Akauma meno, akashika upande wake. Siku zilizobaki walifanya hivyohivyo, na Krupa alipowatania, Cecilia alimwambia, "Niache, Krupa. Nina kazi."

Jumamosi, Yuliana, dada yake Laurenti, alipanda mlima pamoja na muuguzi. Tuta lile la mawe lilikuwa bado halijakamilika. Cecilia aliona aibu. Yuliana alimwona kaka yake akiwa ameinama juani, akakimbilia kwake.

"Dada, usikanyage hapo," Laurenti alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Hapo bado hatujashindilia."

Yuliana alisimama palepale, mkono mdomoni. Kwa muda mrefu hakuwa amesikia sauti ya kaka yake.

Muuguzi alizungumza nao wote wawili kwa muda. Mwishowe waliafikiana kwamba Laurenti aende Dumila mwishoni mwa wiki inayofuata, akae siku chache kwanza, aone hali.

Jioni, Mama Prisca aliketi na wanafunzi wakichambua maharage.

"Mama, lakini tuta hatukulimaliza," Cecilia alisema.

"Litamalizwa," Mama Prisca alijibu. "Cecilia, wewe ni mchapakazi, usiache. Ila siku ile ulimnyang'anya mwenzako kazi yake ukaita msaada. Mtu aliyeugua amekwisha kunyang'anywa mengi. Ukitaka kumsaidia, fanya naye, hata kama anakuchosha. Na atakuchosha kweli."

"Ananichosha, mama," Cecilia alikiri, na wote wakacheka.

Jumatatu asubuhi alimkuta Laurenti ameshatangulia kwenye tuta, ameshika jiwe, anamngoja.