Alama Tatu za Koplo

Soko la vyuma chakavu Jumapili asubuhi halimheshimu mtu. Unasukumwa, unakanyagwa, na aliyekukanyaga ndiye anayekukaripia. Fundi saa alikuwa ameinamia meza ya spea, akichambua vioo na mikanda ya saa, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake ikisoma namba.

"Ni medali ya jeshi, kaka. Ya duara, ina namba ukingoni. Mbili sifuri saba, nne tisa moja. Hujaiona?"

Muuzaji alicheka. "Dada yangu, mimi hapa napima kwa kilo. Sisomi."

Fundi saa aligeuka. Aliona gauni la kijani lililonyooshwa pasi likanyooka, shingo ndefu, viganja vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Moyo ulimlipuka kwa mambo mawili. La kwanza ni uzuri wa yule dada. La pili ni kwamba medali namba 207491 ilikuwa nyumbani kwake, kwenye droo, juu ya kitambaa laini cha bluu, mwaka wa nne sasa.

Angesema pale pale, mambo yangeisha na kila mtu angekwenda zake kunywa chai. Lakini mkusanyaji ni mkusanyaji. Ile ndiyo iliyokuwa inang'aa kuliko medali zote alizokuwa nazo.

"Nitakusaidia kuitafuta," ndilo neno lililomtoka.

"Kweli?" Dada alimtazama kana kwamba ameokolewa majini. "Ni ya baba yangu. Alipolazwa kwa ajili ya macho, baba mdogo alisafisha chumba akauza kila kilichong'aa. Macho hayakupona, na medali hatujaiona mpaka leo."

Wakaanza kutafuta. Miezi miwili, kila Jumapili, meza kwa meza, wakitafuta kitu ambacho mmoja wao alikuwa amekifungia kwa ufunguo. Yule dada alikuwa dobi mwenye chumba kimoja cha kufulia, joto la pasi limejaa mpaka dirishani, na fundi alizoea kumwita Dobi Wangu. Dobi naye, alipogundua kwamba saa ya mkononi ya fundi haisemi ukweli hata siku moja, alimbandika jina la Saa Mbovu.

"Fundi gani unatengeneza za watu, yako imekufa?"

"Nikiwa na wewe sihitaji kujua saa, mpenzi."

"Toka hapa! Maneno hayo umewaambia wangapi?"

Walicheka, wakashikana mikono, wakala mahindi ya kuchoma wakiwa wamesimama. Siku moja tu ndipo Dobi alipokasirika.

"Hawa wanaokusanya medali za watu wanataka nini hasa? Wamepigana vita gani?"

"Bila wao zingeyeyushwa," fundi alijitetea haraka mno. "Zingekuwa mabomba ya maji. Wao wanazitunza."

"Wazitunze, sawa. Lakini namba zimeandikwa. Kwa nini wasiulize mwenyewe ni nani?"

Usiku fundi alifungua droo, akaifunga. Mwanzoni alinyamaza kwa uchoyo. Baadaye alinyamaza kwa kuwa medali ikipatikana, Jumapili zile zitakosa sababu. Mwishowe alinyamaza kwa aibu, na aibu ndiyo iliyomfunga mdomo kabisa.

Jumatano, saa nane mchana, simu ililia kibandani kwa fundi.

"Saa Mbovu..." Dobi alikuwa analia hadi maneno hayatoki. "Mguu wa baba. Umeoza. Daktari anataka kuukata leo, anasema wakichelewa sumu inapanda mwilini. Na baba amekataa. Anasema haingii kwenye kisu bila medali yake."

"Tulia, kipenzi changu..."

"Nitulie vipi? Baba yangu anakufa kwa ajili ya kipande cha chuma! Njoo, tafadhali. Sina mtu mwingine."

Fundi alifunga kibanda akaacha saa za watu zimefumuliwa mezani. Alikimbia nyumbani, akavuta droo, akaitia medali mfukoni. Njiani aliandaa uongo wake, akaurudia mpaka ukakaa sawa.

Wodini Dobi alimwona ameinua mkono, kitu kinang'aa ndani yake. Alimkumbatia mbele ya wagonjwa na wauguzi, bila kujali nani anatazama.

"Umeipata! Wapi?"

"Kwa mzee mmoja, kule mwisho wa soko. Leo leo."

Mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Koplo, alilala amekonda, macho yamefunikwa na utando mweupe. Aliinyakua medali, akaanza kuizungusha ukingoni kwa kidole gumba. Aliizungusha mara ya pili, polepole. Kisha uso wake ukaanguka.

"Si yangu."

"Baba! Namba ni ile ile, nimeisoma mwenyewe!"

"Namba unaisoma wewe. Mimi yangu naijua kwa kidole. Ilikuwa na alama tatu ukingoni, nilizikata kwa kisu changu. Kila alama ni mwenzangu mmoja aliyebaki kule vitani. Mmeniletea ya mtu mwingine ili ninyamaze, kama mtoto anayepewa kijiko achezee. Niacheni nife na akili zangu."

Aliisukuma pembeni, akageukia ukutani. Dobi alipiga magoti, akamshika mkono, akamsihi. Daktari mlangoni alitazama saa yake.

Fundi aliikumbuka ile jioni alipoileta medali nyumbani. Aliona michubuko mitatu ukingoni, na fundi saa hawezi kulala na kitu kilichochubuka. Alichukua tupa yake ndogo, ile ya kusawazishia meno ya saa, akakwangua ukingo wote akikwepa namba tu, akaung'arisha mpaka ukateleza. Tena alijisifu. Sasa akinyamaza, mzee atakufa. Akisema, Dobi amekwenda.

"Mzee," alisema. "Zilikuwa tatu kweli. Mbili zimekaribiana, katikati yake hapapiti hata ukucha. Ya tatu iko peke yake, karibu na kishikio, na imezama kuliko wenzake."

Koplo aligeuka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilizifuta mimi, kwa tupa. Miaka minne iliyopita."

Dobi aliinuka kutoka sakafuni. "Minne?" Aliuliza kwa sauti ndogo sana. "Jumapili zote zile?"

"Zote."

Koplo hakuwasikiliza. Alikuwa amekwisha kuipapasa medali kitandani, akaibana kifuani kwa mikono miwili. "Wa tatu alikufa amenibeba mgongoni. Ndiyo maana nilimkandamizia kisu." Machozi yalimtoka kwenye macho yasiyoona. "Wewe ulidhani ni nini, kijana?"

"Nilidhani imeharibika, mzee. Nilidhani naitengeneza."

"Tupa unayo?"

"Ninayo."

"Basi nirudishie watu wangu."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Alitoa tupa kwenye mfuko wa shati, mahali inapokaa siku zote. Koplo aliweka gumba ukingoni akamwongoza. "Hapa. Ongeza. Bado... basi." Kwa kila alama alitaja jina taratibu, na daktari mlangoni akasahau haraka yake. Ya tatu ilipokwisha, mzee alisema, "Leteni hiyo karatasi yenu ya ruhusa," akaipiga dole gumba. Muuguzi alimfungia medali kiganjani kwa bandeji, wakamsukuma kwenda kukatwa mguu.

Walibaki wawili ukumbini, kwenye benchi moja, Dobi huku na fundi kule.

"Kwako ziko ngapi nyingine?" Dobi aliuliza.

"Arobaini na moja."

"Zina namba?"

"Zote."

Dobi alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikupenda Jumapili zile, unajua? Nilikuwa naipiga pasi nguo yangu kuanzia Ijumaa. Sasa kila nikizikumbuka, nakumbuka kwamba ilikuwa kwako, imelala kitambaani."

"Nisamehe, mpenzi. Nilijua nikiitoa utaondoka."

"Na sasa?"

Dobi alisimama, akaliweka sawa gauni lake, akasogea mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akaiegemea fremu yake akimpa fundi mgongo.

"Nikusubiri?" aliuliza fundi.

"Hapana. Akitoka salama nitakujulisha, kwa ajili yake. Nenda sasa. Kuna wenye medali wanaosubiri zaidi yako."

Aliteremka ngazi bila kuziona. Nje, chini ya jua kali, alipiga simu ofisi ya wastaafu wa jeshi, akasema ana medali arobaini na moja na anatafuta familia za wenyewe.

"Wewe ni ndugu yao?" aliuliza karani.

"Hapana," alisema fundi saa. "Mimi ndiye niliyekuwa nimewafungia drooni."