Tao Lililopakwa Chokaa

Saa mbili asubuhi Mkaguzi alishuka kwenye pikipiki mbele ya ile nyumba kongwe ya ghorofa moja. Watu wengine wakifika mahali humsalimu mwenye nyumba. Yeye huanza na ukuta. Siku hiyo, alipofunua magunia yaliyofunika ukuta, alichokiona kilimfanya asahau hata kuvua helmeti.

Jana yake jioni, kushoto kwa mlango wa mbele, alikuwa amekwangua matabaka ya rangi katika sehemu yenye ukubwa wa sinia. Chini yake kilijitokeza kipande cha urembo wa zamani, uliosokotwa kama kamba na kupinda kuelekea juu. Ilikuwa pembe ya tao, maana yake hapo kale palikuwa na mlango wa pili, ukazibwa. Aliandika pembeni kwa chaki "USIGUSE", akaenda zake akiwa na furaha tele. Sasa kile kipande kilikuwa kimevunjwavunjwa kwa nyundo, na juu yake pamepakwa chokaa nyeupe pe.

Chini ya jukwaa la mbao la mafundi alisimama Fundi Chokaa, mikono kichwani.

"Mama Kucha, naapa si mimi!"

Jina hilo Mkaguzi alikuwa amebandikwa na mafundi, kwa kuwa hakuna ukuta aliowahi kupita bila kuukwangua kwa ukucha. Hakuchukia. Kuna watu wameitwa vibaya zaidi.

"Ndoo ya nani hii?"

"Yangu."

"Na nyundo? Na brashi?"

"Zangu zote," Fundi alisema, sauti ikififia. "Lakini jana nilizisafisha, nikazifungia stoo. Ufunguo nikautundika jikoni, msumarini, kama kila siku."

Nyumba ile ilikuwa chini ya ulinzi wa Idara ya Majengo ya Kale, na masharti yake yanajulikana: sura ya nje hurudishwa ilivyokuwa, kwa chokaa wala si saruji, na alama yoyote ya asili ikigunduliwa hubaki. Fundi akiiharibu, hunyang'anywa kibali. Na Fundi Chokaa alikuwa na sababu ya kutaka tao lipotee, kwani ukuta ule kwa ndani alikwisha kuukandika upya, na mlango ukithibitika ingembidi abomoe kazi yake mwenyewe.

"Mkuu wangu anakuja mchana," Mkaguzi alimwambia. "Akikuta hivi na sina jibu, huna kazi."

"Mama, mimi saruji siijui. Nimekulia kwenye chokaa. Nitakwenda wapi?"

Moyoni Mkaguzi alimhurumia, ila huruma si ushahidi. Alipanda jukwaani. Magunia yaliyoning'inizwa kuzuia jua yaliuficha ukuta usionekane kutoka barabarani, kwa hiyo mhalifu alifanya kazi yake kwa raha zake. Akasogeza uso. Chokaa ilikuwa nene mno, imepasuka kama tope la dimbwi lililokauka, na ilipoguswa tu na ukucha ikamwagika kama unga. Kwenye mashimo ya urembo uliovunjwa, mtu alikuwa ameishindilia kwa vidole. Michirizi minne ilionekana wazi. Mkaguzi alishuka.

Mwenye nyumba, mzee mmoja fundi wa saa, alikuwa ameketi dirishani penye meza yake. Mtaa mzima walimwita Mzee Saa. Ndiye aliyeomba nyumba ikarabatiwe, na siku zote humpa Mkaguzi mkono wa nguvu hadi vidole vikalia. Leo aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa.

"Nimesikia. Aibu kubwa," alisema. Mezani saa za wateja zilikuwa zimejipanga, hata moja haijafunguliwa, na chai ilipoa kikombeni bila kuguswa.

"Jana magharibi ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa hapa. Nilikuwa peke yangu. Dada yangu alikwenda hospitali kumwona mgonjwa."

"Unamshuku nani?"

Mzee alitazama nje. "Fundi anaweza kuwa na sababu. Lakini msimfukuze. Ni mtu mzuri."

Mkaguzi aliona ajabu mtu kumtupia mwenzake lawama na kumwombea msamaha kwa pumzi moja.

Chumba kilichokuwa nyuma ya tao kilipangishwa kwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi kuliko nyuzi zake.

"Mimi napinga huo mlango, sifichi!" alisema bila kuulizwa. "Mkiutoboa hapo, mashine yangu nitaibeba kichwani? Lakini kupaka ukuta wa watu mimi sina muda huo. Hiki chumba changu chenyewe nilikipaka kwa shida. Fundi alinipa ndoo, nikapaka, sioni kitu! Nikamwambia, bwana wewe, umenipa maji ya kuoshea mchele. Akacheka akaniambia nikalale. Kesho yake ukuta mweupe kama yai."

"Na jana jioni?"

"Nilifunga mapema. Nilikuwa kwa shemeji yangu, tunagombana. Muulize, atakwambia kwa furaha."

Uani, dada yake Mzee Saa alikuwa akijipaka mafuta ya nazi mikononi, tayari kumsaidia Fundi kwenye ukuta wa nyuma. Yeye walimwita Mama Asante, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni.

"Mafuta ya nini, mama?"

"Chokaa inakula ngozi, mwanangu. Siku ya kwanza sikujua, vidole vyangu viliwaka siku nzima. Fundi ndiye aliyenifundisha, asante yake."

"Umezaliwa nyumba hii?"

"Ndiyo, ila niliondoka mdogo. Baba yetu mmoja, mama mbalimbali. Nilipofiwa na mume wangu kaka akanipa chumba hiki cha uani. Kila asubuhi namwambia asante." Akatabasamu. "Nina kumbukumbu moja tu ya hapa. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wetu, jua linanipiga usoni. Kaka anasema nachanganya na nyumba nyingine. Kweli, mlango wake wa mbele hauna ngazi."

Mkaguzi alirudi jukwaani, akapima kwa macho, akaanza kukwangua mbali kidogo na sehemu iliyoharibiwa. Haukupita muda, upande wa pili wa tao ukajitokeza, kamba yake nzima bila jeraha. Akashuka, akawaita wote.

"Fundi hakufanya hivi," alisema. "Chokaa ikiwa mbichi huonekana kama maji, weupe huja ikikauka. Fundi angepaka mkono mmoja mwepesi, akaenda nyumbani. Cherehani naye alikwisha kulijua hilo, na Mama Asante pia. Mhalifu alipaka, akaona tao bado linaonekana, akarudia tena na tena mpaka ikawa nene hivi. Tena aliishindilia kwa vidole vitupu." Akavua saa yake. "Mzee, saa yangu imesimama. Nifungulie kifuniko."

Mzee Saa aliipokea. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vimechanika kwenye ncha, weupe umeganda kando ya kucha. Alijaribu kukishika kifuniko, akakunja uso, saa ikamponyoka ikaangukia gunia lililotandikwa chini.

"Yatosha," alisema. "Fundi, nisamehe."

"Kaka?" Mama Asante aliita.

"Baba alijenga milango miwili. Mmoja wa mama yangu na mimi, mmoja wa mama yako na wewe. Alipofariki, mama yako akakuchukua mkaenda kwao. Mama yangu akaniambia mlango ule usionekane tena. Nikauziba. Sasa nimeomba nyumba ipakwe rangi tu, sikujua kuna mtu kazi yake ni kukwangua."

"Mbona hukuniambia niliporudi?"

"Nilitaka. Lakini uliingia chumba cha uani ukaniambia asante. Kesho yake tena. Kila ulivyoshukuru ndivyo nilivyozidi kushindwa."

Mama Asante aliutazama ukuta, machozi yakimtiririka. "Kumbe nakushukuru kwa nyumba yangu mwenyewe," alisema. Kisha akaingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya nazi, akalitua mbele yake kwa kishindo. "Jipake. Mawe yaliyoziba mlango wangu utayatoa wewe mwenyewe."

Mkuu alipofika mchana, Mzee Saa ndiye aliyesimulia, bila kuficha kitu. Fundi alibaki na kibali chake. Cherehani alimwachia Mama Asante chumba chake, akahamia kile cha uani, akilalamika njia nzima.

Siku kadhaa baadaye, Mkaguzi aliporudi asubuhi kukagua mlango uliofunguliwa, alimkuta Mama Asante ameketi kwenye ngazi iliyofukuliwa chini ya mlango huo, kikombe mkononi, jua usoni. Mzee Saa alitoka kwa mlango wake, akamsalimu dada yake, akasimama akisubiri lile neno la kila siku. Halikuja.

"Naweza kukaa hapa?" akauliza.

Mama Asante alimtazama, akasogea kidogo. "Kaa."

"Asante," kaka yake akasema.