Daftari la Wanaotafutana

Kufuli la mlango halikuvunjwa. Kompyuta mbili zilikuwa mezani, na printa ilikuwa imefunikwa kitambaa chake kama siku zote. Mwizi aliyeingia katika ofisi ya gazeti la Jirani, pale Majengo, alivipita vitu hivyo vyote, akachukua daftari moja la jalada jeusi.

Inspekta Mapendo Kataliko alisimama mbele ya kabati. Kwenye rafu palibaki umbo la pembe nne lisilo na vumbi.

"Daftari hilo lilikuwa na nini?"

Mama Asumini, katibu wa komite, alikuwa amekaa kwenye benchi. Mtandio ulikuwa umemteleza kichwani naye hana habari. "Lilikuwa na watu, mama. Watu mia tatu na kumi na wawili."

Akaeleza polepole. Jirani ni gazeti la kurasa nane, linalotoka kila Ijumaa na kugawiwa bure. Halina tajiri nyuma yake. Linaongozwa na komite ya watu watatu wasiolipwa: Muzee Télesphore, mwalimu mstaafu, ndiye mwenyekiti, Mama Asumini mwenyewe, muuza vitenge, na Hilaire, fundi wa redio. Ukurasa wa mwisho unaitwa Wanaotafutana. Tangu watu walipoikimbia Kibumba kwa sababu ya vita miaka miwili nyuma na kujazana kambini Kanyaruchinya, kila aliyepotezana na wake njiani huja kuandikisha jina.

"Gazetini tunaweka jina, umri na mahali walipoachana," alisema Mama Asumini. "Lakini alama ya mwili, kovu au doa, inabaki ndani ya daftari. Hatuisomi hata kwenye mkutano wetu. Mutu akija kudai mutoto, tunamuuliza alama. Asipoijua, anarudi alikotoka."

"Nani alitunga utaratibu huo?"

"Muzee Télesphore."

Mzee alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi. Hakugeuka.

"Nani ana ufunguo?"

"Sisi watatu. Na sentineli wetu wa mlangoni, Nasoro."

"Mara ya mwisho mliliona lini?"

"Ijumaa jioni nililifungia mwenyewe. Leo Jumatatu ndiyo tulikuwa tunalihitaji kuliko siku zote. Watu wa huduma ya jamii wanakuja saa nane na orodha yao ya watoto waliookotwa njiani. Tulikuwa tulinganishe alama, ukurasa kwa ukurasa."

Inspekta aliandika hayo yote, lakini akili yake ilikuwa kwingine. Majina mia tatu, na mahali kila mmoja anapolala kambini. Mji huu una watu ambao wangependa sana kuwa na orodha kama hiyo. Akaita sentineli.

Nasoro alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye koti lililoshonwa kwenye viwiko kwa uzi wa rangi nyingine.

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa mulangoni, mama."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Hilaire alikohoa. "Nasoro, Jumamosi adhuhuri nilipita na moto, ile pikipiki yangu. Niliona kiti chako, wewe sikukuona."

Sentineli akatazama viatu vyake. "Nilienda ku musikiti."

"Kwa nini umenidanganya?"

"Iko kazi moja tu niko nayo, mama."

Inspekta Mapendo alikuwa na miaka ishirini na sita katika upelelezi, na bado siku ile alikosea. Aliyedanganya juu ya saa moja, aliwaza, hashindwi kudanganya juu ya daftari. Akamweka Nasoro mahabusu. Mafundi walipochukua alama za vidole kabatini, walikuta za wanakomite watatu tu. Hata hilo halikumtoa Nasoro.

Asubuhi ya Jumanne Muzee Télesphore alikuja kituoni na blanketi na bakuli la sombe ya majani ya muhogo. Alisubiri saa nzima kwenye jua mpaka askari wa zamu alipomruhusu kumpa Nasoro mkononi.

"Inspekta, huyu hana kosa," alisema akitoka.

"Unajuaje, Muzee?"

"Namfahamu."

"Hiyo siwezi kuiandika kwenye jalada."

Mzee alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akaaga kwa adabu na kwenda zake.

Alipoondoka, aliingia mwanamke aliyejifunga kikwembe cha kijani kilichopauka kwa kufuliwa. Aliitwa Alima. Zamani alikuwa anauza viazi Kibumba. Miezi miwili sasa, kila Ijumaa, alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Kanyaruchinya mpaka ofisi ya Jirani kuuliza habari za binti yake.

"Nimesikia kaye, lile daftari, imepotea," alisema. "Mutoto wangu iko ndani."

"Jina lake?"

"Rehema. Alikuwa na miaka mitatu. Mabomu yalipoanza watu walisukumana, mukono wake ukatoka ndani ya mukono wangu." Alisema hivyo bila machozi, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi mno.

"Ana alama gani mwilini?"

Alima alitikisa kichwa.

"Mimi ni polisi, mama. Niambie."

"Muzee alituambia tusiseme kwa mutu. Hata kwa polisi. Akipatikana, nitaisema ku sikio la Mama Asumini." Akamtazama Inspekta kwa huruma, kana kwamba ndiye aliyehitaji kubembelezwa. "Usikasirike. Ni kwa ajili ya mutoto."

Inspekta hakukasirika. Alimtafutia Alima mtu wa pikipiki wa kumrudisha kambini, akarudisha kalamu mfukoni.

Jumatano, Mama Asumini alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha na woga kwa pamoja.

"Inspekta, kuja uone maajabu."

Ofisini palikuwa na mama mmoja anayeitwa Farida, amekaa na mkungu mzima wa ndizi miguuni, anacheka na kulia. Mume wake amepatikana. Alikuwa Kibumba, alirudi kuangalia shamba akakwama huko bila kujua mke yuko wapi. Sasa amefika, amelala kambini, anakoroma.

"Nimekuja kushukuru gazeti," alisema Mama Farida. "Mulimupelekea barua."

"Sisi?" Hilaire aliuliza.

"Sasa nani? Iliandikwa mke wako iko Kanyaruchinya, karibu na tangi ya maji. Hiyo nilimwambia Mama Asumini peke yake, Ijumaa, akaandika ndani ya kaye."

Mama Asumini alitikisa kichwa. "Ni kweli. Niliandika jioni ile ile. Hatujaichapa, hatujaisoma kwa mutu."

Inspekta alivuta kiti. "Na mume, aliwahi kujiandikisha?"

"Ndugu yake alikuja kwa niaba yake, mwezi uliopita. Lakini alitaja jina lingine, lile la nyumbani kwao. Ndiyo sababu hatukuwaunganisha." Mama Asumini alianza kuelewa, akaweka mkono kinywani. "Mpaka mutu azitazame kurasa zote mbili, taratibu, moja pembeni ya nyingine."

Mwizi alikuwa na daftari, naye alikuwa akifanya nalo kazi ya gazeti.

Inspekta Mapendo aliinuka. Mtu anayetaka kuuza majina hapotezi saa zake kumtafutia Mama Farida mume. Jambo la kwanza alilofanya ni kupiga simu kituoni: Nasoro aachiwe, na asubiri, Inspekta mwenyewe atakuja kumwomba msamaha. Alikwenda, akamwomba mbele ya askari wote. Nasoro aliitikia kwa upole uliomuuma Inspekta kuliko matusi.

Kisha akamtafuta aliyepeleka barua. Haikuwa kazi ngumu. Barua ilikuwa imepanda Kibumba kwa chukudu, na mwenye chukudu hiyo, Shukuru, alikuwa sokoni akishusha makabichi kutoka kwenye ile baiskeli yake kubwa ya mbao.

"Nabeba makabichi, nabeba kitanda cha bibi arusi," alisema akijifuta jasho. "Karatasi moja itanishinda?"

"Nani alikupa?"

"Alisema nisitaje jina."

"Ni mtu mbaya?"

"Mubaya?" Shukuru alikasirika kweli. "Mwalimu Télesphore? Alinifundisha kusoma wakati baba yangu mwenyewe alisema mimi ni jiwe! Andika hapo, mama, andika: mutu muzuri sana!"

Inspekta hakuandika. Alisimama katikati ya soko na daftari lake mkononi, akitamani angepewa jina lingine lolote.

Nyumba ya Muzee Télesphore ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya buluu, na ua umezungushiwa mawe meusi ya volkano. Mke wake, Mama Annonciata, alikuwa amekaa kibarazani akimsuka nywele msichana wa miaka mitano. Mtoto alikuwa ameketi katikati ya magoti yake, anahesabu mistari kwa sauti na kuruka sita kila mara.

"Karibu, mama. Bénita, salimia mugeni."

"Bonjour," alisema mtoto, akaendelea kuhesabu.

Mzee alitoka ndani. Alipomwona Inspekta, alivua miwani.

"Nasoro ametoka?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Ametoka asubuhi hii."

"Afadhali." Akageuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari jeusi limefungwa ndani ya kitambaa safi. Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kurasa zote zimo. Sikuchana hata moja."

Mama Annonciata aliacha kusuka. "Télesphore, hiyo ni nini?"

"Muzee," Inspekta alisema, "unaweza kuyasema haya kituoni."

"Hapana. Nimelikimbia neno hili siku nyingi. Nitalisema hapa." Alikaa chini kwenye ngazi, chini ya mke wake, kama mwanafunzi. "Annonciata, unakumbuka siku ulipomkuta mutoto kwenye barabara ya Kibumba?"

"Amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja, hasemi hata jina lake. Nitasahauje? Mwaka ule ule tulikuwa tumezika binti yetu."

"Ukamwandikisha kwa watu wa huduma ya jamii, na kovu lake ukaliandikisha. Ulifanya kila kitu kwa haki. Mimi ndiye..." Akamgeukia Inspekta. "Miezi miwili iliyopita, Mama Asumini alitusomea tangazo la Alima. Msichana, miaka mitatu, barabara ya Kibumba. Nilijiambia, watoto waliopotea barabara ile ni wengi. Daftari lilikuwa pale kabatini na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Miezi miwili sikufungua ukurasa ule."

"Mpaka Jumamosi."

"Jumatatu wangelinganisha. Jumamosi nilikwenda kusoma tu, Inspekta. Niliomba njia nzima kovu liwe mahali pengine. Mkononi, mgongoni, popote." Alifunua daftari bila kutafuta ukurasa, likafunguka lenyewe. Inspekta akasoma maandishi ya Mama Asumini: kovu la maji ya moto, nyuma ya goti la kushoto.

Mama Annonciata hakuhitaji kutazama. Alikuwa amelipaka mafuta kovu hilo kila jioni kwa miaka miwili.

"Alima angeandikisha upya," Inspekta alisema kwa upole. "Ulijua hilo."

"Nilijua. Nilitaka siku chache, nimwambie mke wangu. Kila asubuhi nilisema, leo. Halafu namkuta anamsuka."

"Na Nasoro? Ulimpelekea blanketi ukamwacha ndani."

Mzee alijifunika uso. "Nilifungua kinywa pale kwako, na hakikutoa neno. Hilo sina la kujitetea."

"Na Mama Farida?"

"Nilipokuwa nalificha nililifungua tena. Nikaona ukurasa wa mke, nikakumbuka ule wa ndugu wa mume. Ningefanyaje? Waendelee kulia kwa sababu mimi ni mwoga?"

Mama Annonciata alikuwa bado ameshika kitana. Hakumlaani mume wake. Aliuliza tu, "Mama yake anamwita nani?"

"Rehema."

"Rehema," alisema taratibu nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto hakugeuka. Mama Annonciata akamaliza mistari miwili iliyobaki, kwa sababu haifai mtoto kukutana na mama yake na nywele nusu.

Waliitwa Mama Asumini na Alima. Alima alisimama mlangoni mwa ua, lakini kwanza aliinamia sikio la katibu akasema alama. Mama Asumini alifungua ukurasa, akasoma, akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia.

Mtoto alikimbilia nyuma ya kikwembe cha Mama Annonciata.

Alima alipiga hatua mbili, akasimama. Alikaa chini, pale pale juu ya changarawe nyeusi, akamtazama tu. Mtoto alichungulia, akajificha, akachungulia tena.

"Alale hapa leo," Alima alisema hatimaye. "Nitarudi kesho. Ajue sura yangu kwanza."

"Kuya mapema," Mama Annonciata alijibu. "Anaamukaka na jua. Anapenda uji bila sukari."

"Hata zamani," alisema Alima.

Inspekta alimwongoza Muzee Télesphore hadi kwenye gari. Hakumtia pingu. Walipofika, Alima alikuwa nyuma yao.

"Muzee."

Akageuka.

"Kila Ijumaa ulinipa kiti chako. Ulinimiminia chai wewe mwenyewe, ukaniuliza kama nimelala."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa kujua."

Alima alimtazama bila hasira, na hilo ndilo Inspekta Mapendo hakuweza kulisahau baadaye.

"Mimi, kila nikirudi kambini," alisema, "nilikuwa nakuombea."

Mzee aliinamisha kichwa. Alifungua mlango wa gari mwenyewe, akaingia.