Mkono Uliofunga Mlango

Ubao ulikuwa umeondoka. Mahali ulipolala palibaki vumbi la mbao lenye umbo la mlango.

Inspekta Batulo Wario alichutama, akalitazama vumbi hilo kama mtu anayechambua mchele. Patasi kumi na moja zililazwa juu ya gunia, kuanzia ile nyembamba kama ukucha hadi ile ya upana wa kiganja. Kopo la wino mweusi lilikuwa halijafunguliwa. Kufuli ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

"Hapa hakuna aliyevunja," alisema Konstebo Mukhwana, akipiga picha eneo la tukio. "Aliyeingia ameingia kama mwenye nyumba."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alijibu Mbinya Muthama. "Mmoja huu hapa shingoni mwangu. Wa pili anao mwenyekiti wa bodi, Mzee Tobias Aloo."

Mbinya alikuwa mkurugenzi wa shirika hilo, Chapa ya Haki, ambalo makao yake ni ukumbi wa mabati mtaani Mowlem. Baba yake alichonga vinyago maisha yake yote, naye binti akaamua kuchonga yale ambayo wakubwa hawataki yasemwe. Mtu aliyeonewa aliingia humo, akasimulia. Simulizi ikachorwa, ikachongwa kwenye ubao, ikapakwa wino, ikachapwa kwenye karatasi na kutundikwa kwenye kuta za mitaa, Umoja mpaka Dandora. Hata bibi asiyejua herufi moja alisimama akaelewa.

"Ubao huu ulikuwa wa nani?"

"Wangu," ikajibu sauti kutoka pembeni.

Mwanamke mwembamba alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso ameikaza kiunoni. Aliitwa Nekesa. Miaka saba iliyopita alipata kibarua cha siku moja kwenye ghala la magodoro huko Industrial Area. Saa tano asubuhi moto ukazuka. Watu tisa walikufa. Wenye ghala waliapa kwamba mlango ulikuwa wazi, ni vibarua tu waliochanganywa na moshi.

"Ulikuwa wazi?" aliuliza Batulo.

"Ulifungwa kwa nje, Afande. Wasitupe nafasi ya kutoka kabla ya zamu kuisha. Mimi nilikuwa karibu na kidirisha cha wavu. Uso sikuuona. Niliona mkono ukibana kufuli. Ule mkono nitaujua hata ukiniletea chai."

Uchunguzi wa vifo hivyo ulikuwa umefunguliwa upya, na hakimu alikuwa amekubali kuipokea picha pamoja na maelezo ya Nekesa. Siku yenyewe ilikuwa kesho.

"Si mchonge mwingine?" Mukhwana alisema.

Nekesa alimtazama mpaka konstebo akashusha kamera. "Kijana wangu, nilipousimulia ule moto nililala siku tatu bila kula. Nilimsimulia Mbinya kwa sababu ni Mbinya. Leo saa tisa bodi inakaa kumfukuza. Akitoka yeye, na mimi na mkono wangu tunatoka."

"Kumfukuza kwa kosa gani?"

Mbinya alitoa karatasi. Mwenyekiti alikuwa amewaandikia wanabodi kwamba mkurugenzi ameuza ubao kwa wenye ghala, na ushahidi ni kufuli isiyovunjwa.

"Na ufunguo wake yeye?"

"Anasema uko nyumbani ndani ya bahasha, na bahasha hajawahi kuifungua. Hajawahi hata kuingia chumba hiki. Na hilo la kuingia ni kanuni yetu, Afande. Picha ya shahidi haionwi na mtu mpaka chapa ya kwanza itoke, na shahidi mwenyewe aikubali. Ubao huu tumeuona watatu tu. Mama Nekesa, mimi na Fundi Munyao."

"Bodi walijua nini?"

"Niliwaandikia kwamba mkono una alama. Sikusema alama gani, wala mkono upi."

Fundi Munyao, mzee mwenye kichwa cheupe kwa mvi na vumbi, alifunua kitabu chake na kuchomoa karatasi. Wiki iliyopita alikuwa ameiweka juu ya ubao na kuisugua kwa penseli, apime kina cha patasi. Watu waliojibanza. Mlango. Kufuli. Na mkono wa kulia uliokuwa na kidole kidogo kilichokatikia katikati.

"Kwa hiyo tunamtafuta mtu mwenye kidole kifupi mkono wa kulia," alisema Mukhwana.

Munyao alicheka mpaka akakohoa. "Wewe konstebo, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa ufagio mwaka mzima. Ubao hauchongwi kama unavyotaka picha itoke. Unachongwa kinyume. Ukiulaza kwenye karatasi, kulia kunakuwa kushoto. Hilo ndilo la kwanza tunalofundisha hapa, kabla hujashika patasi."

Batulo aliitazama karatasi, akaigeuza, akaiinua dhidi ya mwanga wa dirisha. Mkono ukawa wa kushoto.

"Nani mwingine anajua umechonga hivi?"

"Yeyote anayefanya kazi humu anajua mbao ni kinyume. Lakini huu wenyewe hakuna."

"Basi mdomo uwe na kufuli," alisema Batulo. "Nyote."

Mlinzi wa lango, Ngui, aliitwa. Alikuja akivuta mkanda wa suruali.

"Ubao ulionekana mara ya mwisho Ijumaa. Jumamosi mkurugenzi na wachoraji walikuwa wapi?"

"Walienda Umoja kupaka rangi ukuta wa shule, Afande. Nilibaki peke yangu."

"Nini kilitoka?"

"Hakuna kilichotoka. Ila mkokoteni mmoja ulipita hapo mbele ukitokea upande wa nyuma, umebeba kitu kama mlango, kimefungwa shuka la maua. Nilidhani ni wa wapangaji."

"Mkokoteni wa nani?"

"Sijui mtu wake. Lakini nyuma umeandikwa kwa rangi nyekundu, 'Pole Pole Mwili Si Chuma.' Nilicheka, maana jamaa alikuwa anakimbia."

Saa nne na nusu Batulo na Mukhwana walikuwa soko la Gikomba, wakipita kati ya marobota ya mitumba yanayofunguliwa na watu wanaogombania suruali. Upande wa maseremala harufu ya gundi ilikuwa nzito. Waliyakagua maandishi ya mikokoteni ishirini na sita. Wa ishirini na saba ulikuwa wenyewe, na mwenyewe alikuwa amelala juu yake, kofia usoni.

"Niaje, bosi," alisema Mukhwana akigonga gurudumu. "Mwili si chuma, lakini amka."

Kijana alikurupuka. "Mambo, afande. Sijaiba kitu!"

"Hatujasema umeiba. Jumamosi ulibeba mlango Mowlem. Alikupa nani?"

"Mzee mmoja, madam. Alinikuta hapa, akanielekeza. Nilipofika akanipitisha geti la nyuma, akafungua chumba kwa ufunguo. Alikuwa na kofia na barakoa. Hakunisaidia hata kuinua. Mkono mmoja mfukoni muda wote, kama anakula njugu."

"Ukaupeleka wapi?"

"Kwa Austine, pale. Nilitumwa nimwambie aupige randa, autengeneze meza."

Batulo alishaanza kutembea. Ubao ukipigwa randa, mikono yote inageuka maranda ya kuwashia jiko.

Austine alikuwa akipaka vanishi kitanda cha watoto. Hakuuliza wanataka nini. Aliwatazama, akaweka brashi, akaenda kuondoa shuka la maua lililofunika kitu ukutani.

Ubao ulikuwa mzima.

"Leo ni siku ya tatu," alisema Batulo. "Mbona hukuupiga randa?"

"Madam, mimi natengeneza makabati na vitanda, sijui mambo ya maonyesho." Seremala alijifuta mikono kwenye aproni. "Niliufungua nianze na ule upande wa chini. Nikaona kuna mama ameshika mtoto wa mwenzake. Randa nilikuwa nimeishika hivi. Nikaiweka chini. Nikasema mwenye ubao akija, kwanza anieleze hawa ni kina nani. Mpaka leo hajaja."

Mukhwana alivua kofia, kisha akaushika ubao upande mmoja.

Saa nane walirudi Mowlem, ubao umefichwa nyuma ya gari. Wanabodi watano na mwenyekiti wao walikuwa wamefika, na kabla ya kikao walipakuliwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, kama desturi ya nyumba hiyo. Mutheu wa jikoni alipita na birika na karai akiwanawisha. Kila mtu alikunja mikono ya nguo akasugua kiganja kwa kiganja.

Mzee Tobias Aloo, mrefu, koti la kijivu, sauti ya mhubiri, alinyoosha mkono wa kulia peke yake. Maji yakapita juu ya vidole vitano vizima. Wa kushoto ulibaki mfukoni, mahali ambapo wenzake walizoea kuuona.

"Na mwenzake, mzee?" aliuliza Mutheu.

"Mwenzake hali leo, binti yangu," alijibu, na watu wakacheka.

Batulo hakucheka. Alikula muthokoi wake punje kwa punje.

Saa tisa mwenyekiti alisimama. "Ndugu zangu, inaniuma. Lakini kiongozi anayeshindwa kulinda ubao mmoja atalindaje haki za watu? Napendekeza Bi Mbinya aondoke leo."

"Kabla hamjapiga kura," alisema Batulo akiinuka, "nina maswali mawili. Mzee Tobias, uliwahi kuingia chumba cha kuchongea?"

"Kamwe."

"Uliwahi kuuona ubao wa Mama Nekesa?"

"Nitauonaje? Kanuni inakataza. Mimi ni mtu wa kanuni."

"Vizuri. Shahidi anasema mkono uliofunga mlango wa ghala ulikuwa na kidole kidogo kilichokatika. Naomba kila aliye hapa aweke mikono yote miwili mezani."

Mikono ilishuka mezani mmoja mmoja. Ya mwenyekiti ilichelewa. Kisha, polepole, akauchomoa wa kushoto na kuulaza juu ya kitambaa. Kidole kidogo kilikuwa nusu.

Nekesa aliinuka kutoka kwenye kigoda chake.

Lakini Tobias alikuwa anatabasamu. "Poleni kwa kuwakatisha tamaa. Hiki kilikatwa na mashine zamani sana. Na huu, Inspekta, ni mkono wa kushoto. Ule wa kwenye ubao ni wa kulia!"

Nje, muuza mboga alikuwa akiita wateja.

"Nani amekwambia ni wa kulia?" aliuliza Batulo.

"Si... si mmesema wenyewe?"

"Mimi nimesema kidole. Mbinya aliandika alama. Kulia umekuona wapi, mzee?"

Tabasamu lilibaki mdomoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Mukhwana, leta."

Konstebo na Munyao waliingia na ubao, wakaulaza juu ya meza kati ya sahani. Munyao alifungua kopo la wino, akauviringisha kwa rola mpaka ubao wote ukawa mweusi unaong'aa. Mbinya alilaza karatasi, pembe kwa pembe. Kisha akampa Nekesa mwiko wa mti, kama wanavyofanya siku zote, maana chapa ya kwanza husuguliwa na mwenye simulizi.

Nekesa alisugua bila haraka, hakuruka hata sehemu ndogo. Alipofika penye kufuli alisugua mara mbili.

Mbinya aliinua karatasi.

Mkono ulikuwa wa kushoto. Ulifanana na ule uliolala mezani kama pacha.

"Ndiyo," alisema Nekesa. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Mwenyekiti wa wachapaji!" Munyao alitikisa kichwa. "Miezi minane unatuongoza, hukupata siku moja ya kuja kujifunza kwamba ubao ni kinyume!"

Tobias aliketi taratibu. Batulo alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Alimwambia pia anaweza kungoja wakili. Mzee aliinua mkono, kwamba amesikia.

"Nilipouona pale chumbani nilicheka peke yangu," alisema. "Nikajua yule mama amekosea mkono. Lakini mkokoteni ulikuwa tayari uko nje, nikaona ya nini kuuacha."

"Siku ya moto ulikuwa nani?"

"Msimamizi wa zamu. Mwenye ghala alisema vibarua wanatoroka kazi, niwafungie. Nilifunga, nikaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Nikaona moshi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu." Sauti ya mhubiri ilikuwa imeisha. "Nilisimama. Watu walikuwa wengi, nikasema nikifungua sasa, wote watajua ni mimi niliyefunga. Nikaondoka. Kitabu cha wafanyakazi kiliungua na jina langu likaungua nacho."

"Na huku ulikuja kutafuta nini?"

"Nilisikia mnatafuta habari za ghala. Nikaona heri nikae kiti cha mbele, nijue mnakaribia wapi. Bi Mbinya akiondolewa, jambo hili lingekufa."

"Watu tisa," alisema Nekesa. "Kwa aibu yako peke yako."

Hakumpigia kelele. Mukhwana alimfunga pingu, akaikaza vizuri ule mkono wa kushoto.

Mwanabodi mmoja alikohoa. "Na lile pendekezo la mwenyekiti?"

"Pendekezo gani?" wakauliza wanne kwa pamoja. Adoyo, mwanabodi mzee kuliko wote, akamvuta Mbinya na kumkalisha kwenye kiti kilichoachwa wazi, akampakulia muthokoi mpya.

Usiku huo Batulo aliandika taarifa yake. Asubuhi yake korido za mahakama zilijaa. Familia zote tisa zilikuja, kila moja na chapa yake, wino ukiwa bado unanukia. Mbinya alitangulia, Nekesa kando yake. Picha ilipokelewa kuwa kielelezo namba moja. Nekesa alisimama akaeleza kwa saa nzima, hakukatiza hata kunywa maji. Alipomaliza, hakimu aliamuru Tobias Aloo na wenye ghala wote wawili wafikishwe kortini kujibu mashtaka ya vifo hivyo.

Halafu mama mmoja nyuma kabisa akapiga kigelegele, wa pili akakidaka, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Karani aliruka kuwanyamazisha.

Hakimu alimwashiria aketi.

"Waache," alisema. "Wamengoja miaka saba."